Tuko Tu, kwa Maneno Mia Mbili na Hamsini

Msimamizi wa utafiti wangu ni mwanamke ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Siku niliyompelekea ikisiri yangu ya kwanza aliigeuza kompyuta upande wangu, akapitisha kalamu juu ya aya ya mwanzo, akacheka.

"Mzee," aliniambia, "umeanza na kuumbwa kwa ulimwengu. Mgonjwa wa presha anaingia saa ngapi?"

Sikupenda. Nilianza uuguzi yeye akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi, na sikuwa nimezoea kuchekwa na mtu ambaye huenda niliwahi kumdunga chanjo. Lakini alisema kweli. Ikisiri ni ule ukurasa mmoja unaotangulia utafiti, unaomweleza msomaji kiini cha kazi yote kabla hajachoka. Tulikuwa tumepewa maneno mia mbili na hamsini, hata moja zaidi halikubaliwi, na mimi nilikuwa nimetumia karibu nusu yake kueleza kwamba afya ni jambo muhimu kwa binadamu.

"Nani asiyejua hiyo?" aliuliza. "Wewe niambie mlitaka kujua nini, mkafanya nini, mkapata nini, na sasa tufanye nini. Basi. Watu wataisoma hii wakiwa wamesimama kwa laini ya chai."

Nilirudi chumbani kwangu Nchiru, karibu na chuo, nikiwa nimenuna. Nilikuwa nimepanga katika hosteli ya wanafunzi, ghorofa ya pili, kati ya vijana walioniita mzae, yaani mzee kwa lugha yao ya mtaani, na kupunguza muziki kila nilipopita, heshima iliyonikera kuliko kelele zenyewe. Kwangu ni Ruiri, wala si mbali. Kila aliyeniuliza nilimwambia nimepanga kwa sababu ya maktaba na mtandao. Ukweli ni kwamba tangu mke wangu afariki sikuweza kukaa ndani ya nyumba ile jua likishazama. Nilidhani nikilala kati ya vijana wengi upweke utaniona haya. Wapi! Ulipanda ngazi pamoja nami kila jioni, mimi nikiwa nimeshika mkate na pakiti ya maziwa.

Utafiti wenyewe ulihusu wazee wenye presha. Mradi mmoja wa kanisa ulikuwa ukiwatuma wahudumu wa jamii kuwatembelea wazee majumbani kuona kama wanameza dawa, upande wa Muthara kwetu Meru, na kule chini Ishiara kwenye joto la Embu. Mradi ulikuwa unafika mwisho wa muda wake. Wafadhili walikuwa wamesema wazi kwamba watafanya mkutano mjini Embu, kila mtafiti alete ikisiri, zote zichapishwe katika kijitabu kimoja, na kutoka kwa kijitabu hicho waamue ziara zipi ziendelee na zipi zikome. Hakuna aliyejifanya kwamba atasoma zaidi ya ikisiri.

Swali langu lilikuwa hili: je, ziara zinamsaidia zaidi mzee anayeishi peke yake kuliko yule anayeishi na watu wake? Wanafunzi wa likizo walizunguka boma kwa boma na maswali niliyoyaandika, wakarudi na majibu, nami nikayachambua mwenyewe. Jibu likaja kavu kabisa. Hakukuwa na tofauti, na pande zote mbili ziara hazikuonekana kubadilisha kitu. Wengi wa walioacha dawa walikuwa wakiishi na wengine, na wanaoishi peke yao walikuwa wachache mno kiasi cha kushangaza. Kwa hiyo nikaandika hitimisho langu, fupi jinsi msimamizi alivyotaka: ziara za nyumbani zinaweza kusitishwa, wazee wafike kliniki. Nilijivunia sentensi hiyo. Haikuwa na neno hata moja la kupoteza.

Ila palikuwa na sura moja iliyonisumbua. Upande wa Ishiara, katikati ya ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna, anaishi mama mmoja ambaye kila mtu humwita cucu, yaani bibi. Wakati fulani aliacha dawa, mdomo ukaenda upande, na tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto haushiki vizuri. Mhudumu wa jamii alipoanza kumtembelea kila Jumanne, presha yake ilishuka ikatulia. Sentensi yangu fupi ingemwondolea mhudumu huyo. Nilijiambia utafiti haupimwi kwa sura ya mtu mmoja, nikaendelea kupunguza maneno.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikuwa kitandani na kompyuta magotini. Chini uani wasichana walikuwa wakifua nguo na kucheka. Dada yangu mkubwa akanipigia simu kutoka Ruiri, kama afanyavyo kila Jumapili.

"Mko aje huko?"

"Tuko tu. Tuko sawa."

"Mmekula?"

"Tumekula."

Akanieleza kwamba mvua imekataa na ng'ombe wake amezaa ndume tena, kisha tukaagana. Niliweka simu chini. Chumbani palikuwa na mimi, kiti kimoja kilichovaa koti langu, na kipande cha mkate kilichokauka pembeni. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu mchana wa Jumamosi. Tumekula, nani na nani?

Nikaiangalia tena kompyuta. Swali nililowapa wale wanafunzi lilikuwa, "Hapa nyumbani mko na nani?" Maelekezo niliyowapa yalisema hivi: mzee akisema yuko peke yake, weka alama hapa, akijibu vinginevyo, weka alama pale, kwamba anaishi na wengine. Sasa ni mzee gani wa Meru, au wa Mbeere kule Ishiara, atakayemwambia mtoto wa watu, wamesimama mlangoni, hawajawahi kuonana, kwamba yuko peke yake? Atasema tuko. Tuko tu. Tuko na Mungu. Wala hajadanganya. Huku kwetu mtu mzima hajibu kwa umoja. Anajibu kwa niaba ya boma zima, hata kama boma limebaki yeye na kuku. Kusema niko peke yangu ni kusema watoto wamekutupa, na hilo haliambiwi mgeni aliyeshika kalamu.

Mimi mwenyewe, kama mwanafunzi angebisha mlango saa ile, ningewekwa kati ya wanaoishi na wengine, naye angeondoka akiniona mzee mchangamfu.

Nililia, na sioni haya kuliandika. Ningependa kusema niliwalilia wale wazee. Nilijililia mimi, mtu mzima na kompyuta magotini, ambaye amekuwa akimwambia dada yake tumekula tangu siku ya mazishi. Wasichana kule chini waliendelea kucheka, na nikawachukia kidogo, ingawa hawakunikosea chochote.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa msimamizi kabla hajafungua ofisi. Nilimweleza tukiwa tumesimama. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Uko na uhakika?" aliniuliza.

"Sina. Ndiyo maana ni lazima turudi tukawaulize tena."

"Turudi na nani, mzee? Wanafunzi wako kwa mtihani. Mimi niko na madarasa mpaka jioni. Na wanafunga kupokea ikisiri wiki ijayo."

"Basi nitarudi mimi."

"Ukiuliza vile vile, watakujibu vile vile," alisema, na huo ndio ulikuwa ukweli.

Nililitafuta swali jipya njia nzima nikirudi chumbani, na mwishowe nililipata kwenye kumbukumbu za wodini, kazi yangu ya zamani. Muuguzi mwenye akili hamuulizi mgonjwa kama anakula vizuri, kwa sababu wote wanakula vizuri. Anamuuliza jana alikula nini. Nikaandika: "Jana jioni ulikula na nani?" Nilipiga simu kwa waliokuwa na simu, na waliobaki nikawafuata kwa miguu na kwa boda. Swali la chakula halina aibu ndani yake. "Na mjukuu," mmoja alijibu kule Muthara, haraka tu. Mwingine alinikaripia, "Na mke wangu, kwani nitakula na wa nani?" Lakini wengine walinyamaza kwanza. Nilijifunza kuusubiri unyamavu huo na kutazama kando, kwenye mahindi au kwenye mbuzi, ili mtu apate nafasi ya kulipanga jibu lake.

Cucu alikuwa wa mwisho. Nilifika kwake jua likiwa kali, nikamkuta ameketi kivulini mwa jikoni. Aliniita daktari. Nimekwishachoka kuwaeleza watu kwamba mimi ni muuguzi.

"Mko aje, cucu?"

"Tuko tu, daktari. Tuko salama."

Nilimpa salamu zote, nikasifu ndengu zake, kisha nikamuuliza swali langu. Alikunja kona ya leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Jana sikukula," alisema. "Kupikia mtu moja ni kazi ya bure."

"Na dawa ulimeza?"

"Si hiyo dawa ni ya baada ya chakula? Walisema hivyo pale kwa dirisha. Sasa kama chakula hakuna, nitameza baada ya nini?"

Niliyakumbuka madirisha yote ya dawa niliyopitia, na sauti zetu wauguzi zikisema baada ya chakula, baada ya chakula, mpaka maneno yamekuwa kama salamu tu.

"Na Jumanne?"

"Jumanne niko na mgeni. Napika uji ya mtama, tunakunywa na yeye, nameza." Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea njia. "Huyo mama akija, mimi najua ni siku."

Dawa yake haikudai chakula. Nilimpigia daktari wa kliniki yao palepale kuhakikisha, kisha nikamwambia awe anaimeza asubuhi kwa maji, awe amekula au hajala. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu anayeambiwa aingie kanisani kabla ya kunawa miguu. Akasema atajaribu.

Nilipopanga majibu upya, hesabu iligeuka yote. Wanaokula peke yao hawakuwa wachache hata kidogo. Ndio waliokuwa wakiruka dawa, ndio ziara zilikuwa zikiwasaidia, na sababu yenyewe ilikuwa ile aliyonipa cucu, kwa maneno tofauti, mlango baada ya mlango. Nilikaa chumbani nikaandika ikisiri upya. Dunia nzima niliifuta. Usuli ukabaki sentensi mbili. Nikaandika tulichotaka kujua, nikaandika jinsi swali la kwanza lilivyotudanganya, nikaandika swali la pili na kilichopatikana. Nilipohesabu maneno yalikuwa yamezidi. Nikatoa "kwa kina", nikatoa "kwa ujumla", nikatoa "mbalimbali". Niligundua kwamba neno mbalimbali halijawahi kumsaidia mgonjwa yeyote.

Msimamizi aliisoma mara mbili. "Hii sasa ni ikisiri," alisema, na mimi mzee mzima nikafurahi kama mtoto aliyepewa vema. Kisha akaweka kalamu kwenye sentensi ya kurudi kuuliza. "Lakini hii inatuonyesha kama watu hawakujua kazi. Itoe. Weka tu swali la pili, kama ndilo lilikuwa hapo tangu mwanzo."

"Siitoi."

"Mzee."

"Msomaji akiona wazee wengi hivi wanakula peke yao, atauliza kwa nini watafiti wengine hawakuwaona. Jibu liko kwenye hiyo sentensi. Na kesho mtu mwingine ataenda na swali langu la kwanza, na ataambiwa tuko."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe alikubali, ila akaniambia nafasi yake nitaitafuta kwingine. Nikaukata mstari wa shukrani, uliokuwa na jina lake. Alicheka, na nadhani siku hiyo ndiyo alianza kunipenda kidogo.

Bado alikuwa na kalamu mkononi. Mahali nilipoandika "nilirudi" alifuta, akaandika "tulirudi".

"Ikisiri haisemi mimi," alinieleza. "Inaonekana kama ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa peke yangu."

"Najua. Lakini andika tulirudi."

Nikaandika tulirudi. Nilikuwa nimezunguka Meru na Embu nikiutoa wingi huo midomoni mwa wazee, na sasa niliutia kwenye karatasi yangu mwenyewe, ukiwa na kibali cha chuo kikuu.

Mkutano wa Embu ulifanyika katika ukumbi wenye mapazia mazito na vipaza sauti vilivyokoroma. Ikisiri yangu ilikuwa katikati ya kijitabu, kati ya malaria kwa wajawazito na vyoo vya shule. Msimamizi hakukosea, waliisoma wakiwa kwenye laini ya chai. Mwanamke mmoja kutoka kwa wafadhili alinijia na kidole ndani ya ukurasa, akaniuliza habari za lile swali la kwanza, na wala hakuuliza jingine. Jioni walitangaza. Ziara zingeendelea kwa wazee wanaokula peke yao. Wengine wangefika kliniki.

Watu walinipa mkono. Msimamizi wangu alinitumia ujumbe wenye vidole gumba vingi. Nilitoka nje, nikasimama karibu na maegesho, nikatoa simu nimwambie mtu. Nilipitia majina kuanzia juu mpaka chini. Dada yangu angefurahi, lakini ningelazimika kumweleza kwanza ikisiri ni nini, na halafu angeniuliza kama tumekula. Nikairudisha simu mfukoni. Ningempa mtu yeyote kijitabu kile kizima, na kila neno lililokuwa ndani yake, ili kwa dakika moja niwe na mke wangu pale, aniambie suruali yangu imekunjamana.

Nililala Embu mjini, na asubuhi badala ya kupanda kurudi Meru nikateremka Ishiara. Nilijiambia naenda kumpa cucu habari. Hakukuwa na haja. Mhudumu wake angemwambia Jumanne.

Nilimkuta akichagua ndengu kwenye ungo, akitumia mkono mmoja, ule mwingine ukishikilia ukingo. Sufuria ilikuwa jikoni, inachemka. Nilimwambia kabla hata ya kuketi.

"Atakuja?" aliuliza.

"Atakuja. Kila Jumanne kama kawaida."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchagua. Alitupa jiwe dogo, akatupa jingine. Kisha akavitia vidole ndani ya ndengu, akaviacha humo.

"Uliwaambia nini, wale wakubwa?"

"Niliwaambia watu wanaokula peke yao wanasahau dawa."

"Ulitaja mimi?"

"Hapana, cucu. Sikutaja mtu."

Akalifikiria hilo. Kisha akaweka ungo chini, akanitazama sawasawa.

"Na wewe, daktari? Wewe jana ulikula na nani?"

Nilifungua mdomo, na jibu lililokuwa tayari lilikuwa lile la siku zote. Nilikula na wenzangu wa mkutano, ningesema. Tulikula vizuri. Kuku wake mmoja alipita kati yetu, na cucu hakumfukuza. Alikuwa akitazama kando, kuelekea mbaazi zake, akinisubiri.

"Jana sikukula," nilisema. "Mke wangu alikufa, cucu. Niko peke yangu."

Sikuwa nimewahi kulisema. Nilikuwa nimesema amelala, amepumzika, ametutangulia. Tulimzika, nilikuwa nimesema, na tunashukuru kwa maombi yenu.

Cucu aliusogeza ungo kando.

"Na hiyo uliandikia wao?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Maneno ilikuwa imejaa."

Alicheka, mdomo wake ukienda upande, na mimi nikacheka pia, machozi yakinitoka. Halafu akashika nguzo ya jikoni, akajiinua, akaniambia nisitoke hapo. Aliingia ndani kutafuta sahani ya pili. Nilimsikia akisogeza vitu, akifungua sanduku, akilifunga, akisogeza tena, na ilimchukua muda mrefu kuipata.